Baksta wa Jabe

Siku ya kuniaga mliniomba niseme neno, nami nikala keki nikanyamaza. Msidhani nilikuwa nalia. Keki ilikuwa kavu na nilikuwa natafuta kwa macho nani aliyeioka. Sasa niko nyumbani, mikono haina kazi, basi nitasema kwa kalamu. Nimesoma mpaka darasa la nne na juzuu chache za chuoni, kwa hiyo msitafute humu maneno makubwa. Nitawaandikia habari ya kazi, na ndani yake habari ya jina moja la Uskochi, kwa sababu nyie vijana wa bulanjeri, pale Jabe tunapooka mikate, mnaniita Baksta kutwa nzima bila kujua jina hilo limetoka wapi. Tena nimesikia kuna mwanamke pale soko la Jabe, anauza mandazi ya jana, naye anajiita Mama Baksta. Hilo silinyamazii.

Jina langu la kuzaliwa ni Zuhura Nyandwi. Zuhura nilipewa na shehe. Nyandwi nilipewa na baba, na kwa asiyejua Kirundi, ni jina la mtoto wa saba. Baba hakuumiza kichwa, alihesabu tu. Aliyenifuata akaitwa Minani, yaani wa nane, na yeye akahesabiwa vilevile. Wakubwa zetu ndio waliopata majina yenye maneno: mmoja jina lake lilikuwa shukrani kwa Mungu, mwingine lake lilikuwa jibu kwa jirani aliyemsema mama vibaya. Ndivyo ilivyo kwetu, kila mtoto anakuja na jina lake. Ukitupanga ukutani na kusoma majina yetu, huwezi kujua tumelala tumbo moja. Kulikuwa hata na miaka mibaya ya watu kuuana katika mji huu ambapo watu walishukuru kwa jina lisilosema mengi. Sikuwahi kuona kasoro hapo, mpaka nilipokutana na mtu ambaye babu, baba, shangazi na yeye mwenyewe wote wana jina moja.

Lakini nimekimbilia mbele. Nirudi siku ya kwanza.

Nilifika bulanjeri na kitambaa kipya kichwani, kama naenda harusini. Mkubwa wa tanuri alikuwa Mzee Radjabu, mtu mfupi, mkono wake wa kulia hauna hata unywele mmoja kwa sababu ya moto. Aliniangalia vidole kabla ya uso.

"We, unajua kupika nini?"

"Mandazi, Mzee."

"Mandazi mafuta ndiyo inapika, si weye. Kamata chekeche."

Nikachekecha unga. Siku ile, na siku zilizofuata, nikachekecha mpaka nikawa naota unga. Baadaye nikapewa kukanda, baadaye kukata madonge, baadaye kuyafinyanga. Mzee hakueleza kitu mara mbili. Alikuwa anakuletea donge puani: "Nusa. Inakuambia nini?" Ukisema haijakuambia kitu, anajibu, "Basi ngoja ikuambie," na anaondoka. Siku moja donge likaniambia. Lilikuwa na harufu kali kidogo, kama maziwa yanayotaka kuganda, nikasema, "Mzee, hili limepita." Akalinusa, akalitupa kwenye debe la bata, hakusema asante. Usiku ule nililala vizuri.

Nawaambia nyie mnaotumia saa ya simu: unga hausomi saa. Wakati wa mvua unaumuka polepole, wakati wa joto unakimbia. Umeme ukikatika katikati ya kukanda, msisimame kuulaumu. Toeni unga kwenye mashine upesi, ingizeni mikono. Mgongo utauma. Mgongo ni kwa ajili hiyo.

Sasa, pale bulanjeri kulikuwa na meza. Bado ipo, ile yenye mguu uliofungwa waya. Meza ile ilikuwa mpaka. Sisi wanawake tulikanda, tukakata, tukafinyanga, tukaleta sinia mpaka mezani, tukageuka. Ng'ambo ya meza palikuwa pa wanaume: tanuri, kuni za mikaratusi, na ule ubao mrefu wa kuingizia mikate. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Mzee alikuwa anasema, "Mwanamuke anakanda, mwanaume anaoka," na akisema hivyo ni kama amefunga mlango wa nyumba yake.

Mimi nilitaka tanuri. Sitazunguka maneno. Nililitaka tangu siku niliyomwona Mzee akirusha konzi ya unga ndani, sakafuni mwa tanuri, kuona unageuka rangi gani. Ukiwa mweusi papo hapo, moto umezidi. Ukibaki mweupe, bado. Ukipita kwenye rangi ya kahawia taratibu, umefika. Kisha anaingiza mkono na kusoma Kulhuwallahu kimoyomoyo; akiweza kuimaliza bila kuutoa mkono, na bila kupata nafasi ya kuirudia, anaita mikate. Nilijifunza yote hayo nikiwa nyuma ya meza, kama mtu anayeangalia mpira juu ya ukuta. Espérance, mwenzangu kutoka Ngagara, mwanamke mwenye mdomo na roho safi, alikuwa ananicheka; tanuri yeye analiita furu.

"Zuhura, iyo furu unaiangalia kama mukewenza wako."

"Mukewenza analala na bwana yangu. Hii inalala na kazi yangu."

"Basi uombe talaka!"

Nilimwomba Mzee mara moja, na mara nyingine, na nyingine. Alikuwa anajibu kwa kukohoa.

Halafu alikuja Madamu Baxter.

Alikuja alasiri, saa ya mkate wa jioni. Mwanamke mrefu, nywele rangi ya unga uliochanganywa na pilipili, ngozi imeiva kwa jua. Alikuwa anafundisha shule moja kule Kinanira. Hakwenda mbele kwenye duka kama wateja. Alizunguka nyuma, akapita kwenye majivu na viatu vyake, akasimama mbele ya Mzee.

"Shikamoo Mzee. Ninaomba unifundishe kuoka mikate."

Kiswahili alikuwa amejifunza Tanzania. Espérance akaniegemea begani: "Wee! Uyu anasema kama rediyo."

Mzee akafuta mikono. "Madamu, mukate inauzwa pale mbele."

"Sitaki kununua. Mimi ninaitwa Baxter. Kwetu Uskochi jina hilo maana yake ni mwokaji wa mikate. Tena zamani lilikuwa neno la mwanamke anayeoka. Na mimi sijaoka hata mkate mmoja tangu nizaliwe. Naona haya."

Mzee akaweka chini kila alichoshika. Kwetu jina si kitu cha kupita nacho. Mtu akikuambia jina lake lina maana gani, amekufungulia mlango wa baba yake.

"Iyo jina ni nani alikupa?"

"Sikupewa mimi peke yangu, Mzee. Baba yangu alikuwa nalo. Na baba yake, na babu yake. Kwetu jina la ukoo linashuka tu. Kwa muda mrefu sana hakuna aliyeoka. Baba alikuwa fundi wa saa."

Alieleza vizuri, hata mimi nilielewa: ni jina tu, limeshuka kama maji ya mvua kwenye bati, halimtumi mtu. Lakini Mzee Radjabu alisikia kitu kingine. Akahesabu kwa vidole, baba, babu, baba wa babu, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Awo wanaume wote wamebeba jina ya mwanamuke. Wameibeba, wameibeba, mpaka imefika kwa mwenyewe." Akachukua ubao kutoka ukutani. "Iyo si jina, ni wasia. Pita huku, Madamu."

Akapita. Akaipita meza, na viatu vyake vya majivu, na ubao akapewa mkononi na Mzee mwenyewe.

Mimi nilikuwa nimeshika sinia ya madonge. Sikuidondosha, kwa sababu unga hauna kosa. Niliiweka mezani, pale pa kila siku, nikageuka.

Mkate wake wa kwanza uliungua chini mpaka ukawa kama sufuria la kuni. Nilifurahi, Mungu ananiona. Niliupeleka mwenyewe kwa bata, na bata wakaukataa, nikafurahi tena. Nikasema, sasa atarudi Kinanira kufundisha watoto wake. Alirudi kweli, na Jumamosi akaja tena, amefunga kitambaa kichwani na kuvaa kandambili.

Kilichoniuma si kwamba alipewa. Wageni wanapewa vitu vingi katika mji huu. Kilichoniuma ni kwamba alijua. Baada ya Jumamosi chache alikuwa anasikia moto. Alikuwa na shingo ile ya kuinamisha kidogo, kama Mzee, kabla ya kufungua mlango wa tanuri. Kulhuwallahu hakuijua, kwa hiyo mkono ukiwa ndani alikuwa anataja wazee wake, kwa sauti ndogo: Baxter huyu, Baxter yule, wanarudi nyuma wanarudi nyuma, na mkono ukichoka anautoa. Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. "Furu yangu imepata kabila ya Wazungu!" Mimi nilikuwa upande wangu wa meza nikifikiri: nikiingiza mkono mimi, nitataja nani? Majina ya kwetu hayashikani mikono.

Nikaanza kumhoji. Niliona afadhali nijue ninachokionea wivu. Alikuwa anakaa nasi wakati mikate inaumuka, anakunywa chai yetu ya tangawizi bila kulalamika.

"Madamu, nyie Baxter wote ni ndugu?"

"Hapana, Mama Zuhura. Zamani kila mji ulikuwa na watu wake wa mkate, na kila mmoja aliitwa hivyohivyo. Fulani mwokaji, fulani mwokaji. Serikali na makanisa walipoanza kuandika watu, wakaandika hivyo. Watoto wakabaki nalo, hata waliokwenda kuwa mabaharia."

"Na wanaume wakaliitikia, jina la kike?"

"Neno lilikuwa limesahaulika kwamba ni la kike. Kule Uskochi watu waliendelea kulisema kwa mwokaji yeyote. Kusini kwa Waingereza walisema neno jingine, na wa kwao wakaitwa Baker."

"Mlimwokea mfalme?"

Akacheka. "Wapo wanaosema hivyo, wa upande wa Forfar. Lakini kila ukoo unapenda kusema ulimlisha mfalme."

Nikapenda jibu hilo, na nikakasirika kwamba nimelipenda.

Siku nyingine akatoa simu, akatuonyesha ramani yenye nukta kila mahali wanapokaa akina Baxter. Nukta zilibanana upande wa mashariki wa Uskochi, mahali panapoitwa Angus na Fife, penye mashamba ya nafaka. Kisha zikamwagika: Uingereza nzima, ng'ambo Amerika, Kanada, Australia, Nyuzilandi. Watu waliondoka kutafuta ardhi na kazi, jina likapanda meli nao. Espérance akaweka kidole chenye unga juu ya Afrika yetu.

"Na apa? Apa akuna?"

"Hapo sijaona."

"Awataki joto."

Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza wale watu wote waliotawanyika, wauza magari, mapolisi, madaktari, hata mmoja hajachoma vidole, na kila mmoja akitaja jina lake anatajwa mwanamke mwenye unga mikononi ambaye hamjui. Mimi vidole vyangu vilikuwa vimeungua kwa masinia tangu ujana, na jina langu linasema tu kwamba niliwakuta sita nyumbani.

Jioni ile nilimsimamisha Mzee mlangoni, anavaa koti.

"Mzee, na mimi?"

"Na weye nini?"

"Madamu ameshika ubao. Mimi ndiye ninayemkandia."

Akafunga kifungo kimoja, akafunga kingine. "Yule jina yake imemutuma. Weye ni Nyandwi. Baba yako alikuhesabu tu, akukutuma."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuambia mvua itanyesha. Ndiyo maana liliingia ndani kabisa na likakaa. Nikarudi nyumbani kwa miguu, nikawapikia watoto, nikawafokea bila sababu.

Kuanzia hapo sikumsaidia tena Madamu kufinyanga. Akiniuliza donge linakunjwaje, nilikuwa namjibu, "Angalia." Akawa anaangalia. Naye alijua kuangalia, huyo mwanamke.

Ikaja Ramadhani ya ule mwaka ambao esansi, mafuta ya magari, ilikosekana mjini. Nyie mnakumbuka, magari yalipanga mstari kwenye vituo mpaka madereva wakawa wanaota ndevu humo ndani. Siku moja ya Jumamosi mabasi hayakutembea kabisa. Mzee Radjabu alikuwa anakaa Kinama, mbali, na amefunga, na miguu yake ilikuwa imeshaanza kumkatalia. Selemani, msaidizi wake, alikuwa ametumwa na patroni, mwenye bulanjeri, kukaa kwenye mstari wa esansi na dumu. Mlinzi, kwa kutaka kusaidia, alikuwa amewasha tanuri mwenyewe na kulishibisha kuni kama anachoma ng'ombe.

Sisi wa karibu tulikuwepo. Mimi nilitoka Buyenzi kwa miguu. Espérance alitembea kutoka Ngagara, anasema hatasamehe. Na Madamu Baxter alikuja kwa miguu kutoka Kinanira, uso mwekundu kama nyanya.

Mnajua mkate wa futari kwetu. Wanawake wanakuja na vikapu kuanzia alasiri, nyumba nzima nyuma yao ina njaa tangu alfajiri. Unga ulikuwa umekandwa, madonge yamefinyangwa, yako mezani chini ya vitambaa. Na jua lilikuwa linashuka.

Espérance akainua kitambaa. "Dada, unga inapanda. Inapanda vibaya."

Kweli. Ulikuwa umejaa hewa, ukiugusa unatetemeka. Muda kidogo ungeanguka na kuwa matambara. Madamu alikuwa ng'ambo ya meza, ubao mkononi, mlango wa tanuri wazi, na joto linamrudisha nyuma.

"Moto huu siufahamu," akasema. "Sijawahi kuuona hivi."

"Umezidi," nikasema kutoka upande wangu. "Rusha unga."

Akarusha. Ukawa mkaa kabla haujatua. Akanigeukia, akaunyoosha ubao juu ya meza.

"Mama Zuhura, chukua wewe. Tafadhali."

Niliutazama. Nilikuwa nimeutazama ubao ule miaka yangu yote ya kazi, najua hata ufa wake. Na mkono unaonipa ulikuwa mkono wa mtu aliyeupata siku ya kwanza.

"Apana."

"Kwa nini?"

"Sitaupokea kwako. Wewe ulipewa. Sitaki kupewa na aliyepewa."

Espérance akapiga meza. "Zuhura! Watu watafuturu wivu yako? Ee? Tuwawekee na chumvi?"

Nje wanawake walikuwa wameanza kuita: mkate, mkate wapi? Madamu hakubisha, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu, ingawa sikupenda. Aliuliza tu:

"Nifanye nini basi?"

"Uegemeze ukutani. Ugeuke uangalie upande mwingine."

Akauegemeza. Akageuka, akaangalia kuni. Espérance naye akageuka, mabega yakimcheza kwa kicheko. Nikazunguka mguu wa meza wenye waya, nikapita, nikauchukua mwenyewe.

Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na mpini ulikuwa na mabonde ya vidole vya Mzee. Vidole vyangu havikuingia kwenye mabonde yale. Nikashika pengine.

Nilivuta makaa nje, nikapangusa sakafu ya tanuri kwa gunia bichi, mvuke ukanipiga usoni, nikapangusa tena. Nikarusha unga: mweusi bado. Gunia tena. Unga tena: kahawia, taratibu. Nikaingiza mkono na kusoma sura, siyo majina ya watu. Niliimaliza, na sikutamani kuirudia. "Leteni!"

Tukafanya kazi watatu. Espérance alileta masinia, Madamu alichana migongo ya mikate kwa wembe, mimi nikaingiza, nikavuta ubao kwa mkato ule wa haraka ambao nilikuwa nimeufanya kwa mwiko jikoni kwangu mara nyingi, watoto wakidhani mama anafukuza nzi. Mikate ikabaki ndani imekaa sawa. Na nitasema kweli yote: ni Madamu aliyeona kona ya kushoto inakimbilia rangi. "Kushoto, Mama!" Nikageuza. Angenyamaza, tungepoteza robo ya tanuri. Hata hilo liliniuma. Nilitaka siku ile iwe yangu yote.

Mzee Radjabu alifika amebebwa kwenye baiskeli ya kukodi, amekasirika tangu Kinama, na kofia imekaa upande. Mikate ilikuwa mezani inalialia, ile sauti ya ganda kupoa. Akachukua mmoja, akaugeuza, akaugonga kitako kwa kidole, akausogeza sikioni. Akachukua mwingine.

"Nani ameoka?"

Espérance akaangalia dari. Mimi nikaangalia vidole vyangu. Madamu akasema:

"Baxter ameoka."

Mzee akatabasamu. "Naona wasia imefika."

"Siyo mimi, Mzee. Nilikuambia siku ya kwanza, ni jina la kazi. Mimi nilisimama na wembe. Huyu ndiye aliyeoka." Akaninyooshea kidole, na kwetu kunyooshewa kidole si heshima, lakini nikaliacha lipite.

Mzee akaniangalia kama siku ile ya kwanza, vidole kwanza. Kisha adhana ya magharibi ikaanza kutoka msikitini. Akakaa juu ya gunia la unga, akala tende, akanywa maji, akaumega ule mkate, akautafuna polepole mpaka mwisho. Wateja walikuwa wanapiga kelele mbele. Hakuharakishwa na mtu. Alipomaliza alipangusa mdomo, akasema bila kuinua kichwa:

"We Baksta. Funga mulango ya furu, joto inatoka."

Nikageuka kumwangalia Madamu, na Madamu alikuwa ananiangalia mimi. Nikafunga mlango.

Ndivyo nilivyopewa. Hakukuwa na shehe wala mbuzi. Kesho yake Espérance akaniita hivyo sokoni, mwuza nyanya akadaka, kabla ya Idi nilikuwa Baksta Jabe nzima, na wanangu wakawa watoto wa Baksta. Vilevile kama kule Angus, nadhani: mtu mwenye njaa alipita akauliza mkate uko kwa nani.

Lakini msifikiri wivu uliisha. Ubao nilikataa kuupokea kwake, na jina nikaja kulipokea kutoka mdomoni mwake, maana yeye ndiye aliyelitamka mbele ya Mzee. Jina huwezi kumwambia mtu aliegemeze ukutani ageuke. Alirudi kwao mwisho wa mwaka wa shule. Anatuma salamu; anasema anaoka Jumapili. Anasema kule kuna makaburi kijiji kizima, mawe yote yameandikwa Baxter. Yeye ana makaburi mengi hivyo nyuma yake, na mimi nimeanza peke yangu, sina hata mtu wa kumtaja mkono ukiwa motoni. Nimwonee huruma? Namwonea wivu mpaka leo, na nikimwona tena nitamkaribisha chai na wivu wangu.

Mzee Radjabu hakurudi kazini baada ya Ramadhani iliyofuata. Mungu amrehemu. Hakuniambia hata siku moja kwamba nimeoka vizuri. Aliacha tu kukohoa nilipopita meza.

Sasa juzi. Mjukuu wangu Aisha amejifungua mtoto wa kike. Baba wa mtoto alikuwa anajiandaa kwenda komini kumwandikisha, amechana nywele, wakaja wote wawili kwangu na tabasamu.

"Bibi, tumepata jina," Aisha akasema. "Tunamuita Baksta. Abebe jina yako."

"Apana."

"Bibi! Si ni heshima?"

"Ameoka nini?"

Baba wa mtoto akacheka, akidhani ni mzaha. "Bibi, ana siku ngapi uyu? Ata meno bado."

"Basi mpeni jina la mtu asiye na meno. La kwangu lipo bulanjeri. Akilitaka atalifuata kwa miguu yake, na atalikuta lina joto."

Aisha akanuna. Akasema huko Uskochi watoto wanapewa bila kuulizwa. Nikamwambia ndiyo maana wameenea dunia nzima na mkate wananunua dukani. Mtoto akalia, nikambeba. Ana vidole virefu. Niliviangalia muda mrefu kuliko uso wake.

Na nyie: siku ya kuniaga mlitaka nimkabidhi mtu ubao mbele ya patroni, mpige picha. Nikakataa, mkanong'ona kwamba Baksta ana roho ya choyo. Ninayo. Nimeuegemeza ukutani, kushoto kwa mlango wa tanuri, pale joto haliupindi. Mimi pia nimegeuka, sitaangalia ni nani. Atakayeizunguka meza na kuuchukua asije kuniomba ruhusa wala kuniletea keki. Ila ajue kwamba huku nilipokaa, kabla hata sijamjua, nimeshaanza kumwonea wivu.